Nusu Yetu ya Barabara

Kaka yangu amekuwa mtu wa barabara tangu atoke chuo cha ufundi, na sidhani kama yupo aliyewahi kumwona akitembea katikati ya njia. Hupita pembeni, kando ya mtaro, kichwa kimeinama, akitazama maji yamepita wapi. Watoto wake walipokuwa wadogo walikuwa wakimwiga. Walijipanga nyuma yake mikono mgongoni, wakainama anapoinama, wakasimama anaposimama, mpaka ageuke ghafla nao wapasuke kwa kicheko. Nikitaka kumkumbuka kaka alivyokuwa kabla ya mambo haya, huikumbuka picha hiyo.

Ofisini kwake, kwenye halmashauri, walimpachika jina la Bwana Nusu. Sababu ilikuwa kazi yenyewe. Barabara kubwa zinazopita katika eneo letu hujengwa na wakubwa wawili. Kokoto, lami na mitambo hulipiwa na serikali kuu. Lakini kazi ya kitaalamu inayotangulia na kufuata ujenzi, yaani kupima ardhi, kuchunguza udongo, kuchora michoro na kusimamia, gharama yake hugawanywa: serikali kuu nusu, halmashauri nusu. Kaka ndiye aliyekuwa akizunguka ofisi hadi ofisi akiuliza nusu yetu imefika wapi, nusu yetu itatoka lini. Basi mhudumu wa chai alikuwa akimwekea kikombe mezani na kumwambia, "Bwana Nusu, nusu yetu ya sukari hiyo. Iliyobaki kawadai serikali kuu." Naye alicheka kila siku kama vile ni mara ya kwanza.

Mkataba wa kugawana una sharti moja ambalo kila halmashauri inaliogopa. Asiyeweka nusu yake kabla mwaka wa fedha haujafungwa, barabara yake hupewa mwingine. Barabara ya kutoka sokoni hadi hospitali, tuliyoisubiri tangu mimi nasoma, ilikuwa karibu itupite kwa sababu hiyo. Michoro ilikuwa tayari kwa sehemu kubwa, mkandarasi alikuwa ameshaanza kuulizia mahali pa kupanga nyumba, lakini kasha la fedha la halmashauri lilikuwa linalia kwa utupu. Mkurugenzi akamwita kaka.

"Mhandisi, hii kazi yenu ya kitaalamu ni nzito mno. Nipunguzie."

"Nipunguze wapi, mkuu? Hii ni kama suti. Nikikata mkono, itavaliwaje?"

"Basi nishonee kizibao," mkurugenzi akasema, na wote wawili wakacheka. Mkurugenzi si mtu mbaya. Alikuwa na watu wengi mlangoni, na wote walikuwa wakitaka barabara.

Kaka akarudi kwenye meza yake, akaanza kukata. Kila kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara, lilihitaji uchunguzi wake: udongo wake, hesabu ya maji yake, mchoro wake. Ukiondoa kalavati moja, umeondoa na uchunguzi wake, na nusu yetu imepungua. Akaondoa lile la kwenye kona, mahali ambapo korongo dogo linatoka mlimani na kukata njia. Alikuwa amefika pale kiangazi, akakuta korongo kavu, watoto wanacheza mpira ndani yake na milango ya goli ni mawe. Kwenye mchoro mpya akaandika kwamba maji ya pale, yakiwepo, yatabebwa na mtaro wa pembeni hadi kalavati la chini. Kama mtaro ule ungetosha kuyabeba, hakuna aliyepiga hesabu. Hesabu hiyo nayo ilikuwa miongoni mwa vilivyokatwa.

Mchoro ukaenda kwa serikali kuu. Kaka alijiambia, kama ni kosa, wale wataliona. Wana wataalamu kuliko sisi, na nusu ni yao. Kule nako, tulikuja kujua baadaye, mtu aliyekaa na mchoro alijiambia kwamba halmashauri ndio wenye ardhi, wanajua korongo lao. Akagonga muhuri. Kila upande ulilipa nusu, na kila upande ulitazama kwa jicho moja, ukiamini jicho la pili liko kwa mwenzake. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kitu kikiwa cha mtu mmoja, angalau kina mtu wa kukosa usingizi.

Barabara ikajengwa, ikapendeza. Siku ya kuifungua watu waliilalia lami kama mkeka, wakapigana picha. Pale kwenye kona, upande wa mlimani, ilikuwepo nyumba ya vyumba viwili ya mama mmoja mjane, fundi wa kushona, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa sababu hapakuwa na sare ya shule ambayo hakuwahi kuikunja au kuikunjua pindo. Barabara ilimletea wateja mpaka akaongeza cherehani ya pili barazani. Kaka alikuwa akipita pale jioni kukagua, naye Mama Pindo alikuwa akimwita kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo: "Mwanangu! Mwanangu wa barabara! Njoo nione hilo shati, kifungo kinaning'inia kama jino bovu. Mkeo hana uzi?"

"Ana uzi wa kushona wagonjwa tu, mama," kaka alijibu, maana wifi yangu ni muuguzi.

"Kumbe! Basi keti hapa, nikushone bila ganzi."

Masika ya kwanza yakapita vizuri, mvua ilikuwa ya wastani. Ya pili yakaja kwa hasira. Mlimani kulikuwa kumelimwa, majani yameondoka, na maji yakateremka korongoni yote kwa pamoja. Yalipofika kwenye kona hayakukuta pa kupita. Tuta la barabara lilikuwa limesimama mbele yao kama ukuta wa bwawa. Mtaro ukajaa, ukamwagika. Maji yakarudi nyuma, yakapanda, yakaingia kwa Mama Pindo kupitia mlango wa uani, na mchana ule ule ukuta wa chumba cha nyuma ukalala chini. Mwenyewe alikuwa barazani, hakuumia. Vitambaa vya watu, sare zilizokuwa zinangojea shule kufunguliwa, magunia ya mabaki ya nguo, vyote viligeuka tope.

Kaka alifika mvua haijakatika. Alikunja suruali akaingia majini, akashika jembe pamoja na majirani, wakatoa tope. Lawama zilikuwa zikiruka juu ya kichwa chake bila kumgusa.

"Hawa wa serikali kuu, wanachora barabara wakiwa wamekaa kwenye kiyoyozi!"

"Wangemuuliza hata mtoto hapa angewaambia."

Na Mama Pindo, akikamua kitambaa cha mtu, akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wetu kule. Kawaambie hao wakubwa wamenikosea. Wewe watakusikia."

"Nitawaambia, mama," kaka akasema.

Alipokuja kwangu kunisimulia, alirudia jibu hilo mara nyingi. Si mafuriko yaliyomtesa, ni neno hilo moja. Nitawaambia. Kana kwamba yeye alikuwa mjumbe tu.

Wiki chache baadaye halmashauri ikamletea Mama Pindo barua ya kumtaka ahame. Nyumba yake, ilisemwa, imejengwa kwenye mkondo wa maji. Hatapewa kitu, maana aliyejenga mkondoni amejitakia. Ukaguzi wa pamoja ukapangwa: mhandisi wa serikali kuu, mkurugenzi, na kaka kama mtaalamu wa halmashauri. Swali lilikuwa moja tu, na kaka ndiye wa kulijibu: kilichokosea ni nyumba au ni usanifu wa barabara? Kama ni nyumba, mjane atabomolewa na mambo yatakwisha. Kama ni usanifu, itabidi kalavati lipimwe, lichorwe na kujengwa upya, na mkataba ulisema wazi kwamba upande uliobadilisha mchoro ndio utakaobeba gharama zote za kitaalamu, sio nusu tena.

Siku hizo kaka aliacha kula. Nilikwenda kwao Jumapili mchana, nikamkuta wifi jikoni anafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Wifi, kaka yako anaumwa," akasema kwa sauti ya chini, "na kwenye kabati langu la dawa hamna ya ugonjwa huo. Anaamka, anakaa kitandani, anaongea na ukuta. Jana nimemsikia anauambia ukuta, 'kiangazi palikuwa pakavu'."

Kaka akaingia wakati huo huo, akaketi, akatuambia yote. Mpaka siku ile hata mkewe hakuwa anajua. Aliongea akiwa ameitazama mikono yake. Alipomaliza, nikangoja wifi apige kelele, maana ni mtu wa kelele. Hakupiga.

"Na mkurugenzi anajua?" akauliza.

"Anajua nilipunguza. Hakuuliza nilipunguza nini."

"Na kesho anataka useme nini?"

"Kwamba nyumba iko mkondoni. Na kweli iko karibu na mkondo. Sitakuwa nimesema uongo mtupu."

"Utakuwa umesema nusu," wifi akasema. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wewe mwenyewe unazipima njia, mume wangu, sasa unataka nani akupimie hiyo?"

"Watanifukuza kazi. Watoto bado wako shule."

"Nitashona wagonjwa usiku na mchana," wifi akajibu, kisha akageuka kuelekea dirishani ili asionekane uso.

Nilimwona kaka yangu, mtu mwenye mvi, amekaa kama alivyokuwa akikaa mbele ya baba alipovunja kitu: magoti pamoja, mikono katikati. Nikamhurumia, na papo hapo nikamwona mama wa watu akikamua sare za shule, huruma yangu ikakosa pa kukaa.

Ukaguzi ulifanyika asubuhi. Mhandisi wa serikali kuu alikuwa mwanamke kijana kuliko kaka, amevaa viatu vya mpira, anaongea kidogo. Walisimama ukingoni mwa barabara. Majirani walikuwa wamekusanyika kwa mbali, na Mama Pindo yuko barazani kwake, cherehani moja iliyopona iko mbele yake, lakini hashoni.

Mkurugenzi akaanza. "Kama mnavyoona, mhandisi, nyumba iko chini na korongo liko hapa. Mtaalamu wetu atathibitisha."

Kaka aliniambia kwamba ulimi wake ulikuwa mkavu kuliko korongo lile la kiangazi. Akasema, "Nyumba ilikuwepo kabla ya barabara, na maji yalikuwa yakiipita pembeni. Mchoro wa kwanza ulikuwa na kalavati hapa hapa tuliposimama. Nililiondoa mimi."

Mkurugenzi akakohoa. "Mhandisi wetu amechoka kidogo, mvua hizi..."

"Sijachoka, mkuu. Nilipunguza gharama za usanifu ili nusu yetu itimie. Hesabu ya mtaro haikufanyika. Kosa si la mama huyu."

Mwanamke yule wa serikali kuu alilitazama tuta. Mwisho akasema, "Na sisi tukagonga muhuri." Hakuna aliyemtarajia kusema hivyo. Kisha akashusha pumzi. "Lakini mkataba ni mkataba. Mchoro mlibadilisha ninyi. Kalavati tutalijenga sisi, lakini kulipima, kulichora na kulisimamia ni juu yenu. Barua ya kumhamisha huyu mama ifutwe leo."

Majirani wakapiga makofi. Kuna aliyesema kwa sauti, "Msema kweli mpenzi wa Mungu!" Kaka hakugeuka. Alikuwa ameshuka kwenda barazani, maana alijua alikuwa bado hajamwambia yule aliyepaswa kuambiwa wa kwanza.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Masikio hayakuingia maji."

"Nisamehe."

Mama Pindo alikuwa amechukua kitambaa, anakinyoosha kwa kiganja, anakikunja, anakinyoosha tena. "Wiki zote hizi nimekuwa nikiwalaani watu nisiowajua," akasema. "Nililala nikiwalaani, nikaamka nikiwalaani. Serikali kuu haina macho, ni jengo tu liko mbali, ningeisamehe. Wewe ulikaa hapa. Kwenye stuli hiyo. Nimekushonea vifungo ukilitazama korongo."

"Ni kweli."

"Na siku ile ya tope ulishika jembe. Nikawaambia watu, mwoneni yule, ana utu."

Kaka akaitazama ile stuli.

"Nenda, mhandisi," akasema. "Wenzako wanakungoja."

Hakumfukuza tena wala hakumnyima salamu tangu siku hiyo, na mpaka leo kaka akipita humsalimu vizuri, kama anavyomsalimu mtu wa benki. Ukuta wake ulijengwa upya na halmashauri. Kalavati likawekwa. Kaka hakufukuzwa, alipewa onyo kali, akaondolewa kwenye usimamizi, gari la ofisi likachukuliwa. Sisi ndugu zake tukashukuru, tukadhani yamekwisha. Lakini mzigo wa namna hii ukiutua mahali, lazima ukae juu ya kitu. Gharama zote za kitaalamu za kalavati zilikuwa za halmashauri, na halmashauri haikuwa imeota mti wa fedha. Ikatafutwa kazi nyingine ya upimaji ambayo inaweza kungoja. Ikapatikana: daraja la watu wa mlimani, la kuvukia mto wao. Mwaka ule lilikuwa lipimwe. Nusu ya serikali kuu ilikuwa tayari. Nusu yetu ndiyo iliyokwenda kwenye kona kwa Mama Pindo, na nusu ya serikali kuu, kwa sharti lile lile la mkataba, ikahamia kwingine.

Mkurugenzi alimwambia bila ukali, nadhani hata kwa huzuni kidogo: "Ulitaka ukweli, mhandisi. Sasa huko mlimani kuna watu wanauliza daraja lao liko wapi. Nimtume nani?"

"Nitakwenda mimi," kaka akasema.

Nilimpeleka kwa gari langu. Njia nzima alitazama mitaro. Mkutano ulikuwa katika darasa la shule. Watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwenyekiti wa mtaa alimkaribisha kwa maneno mengi, akasema mgeni ameleta habari za daraja. Watu wakapiga makofi kabla hajafungua mdomo. Nilitamani wasingepiga.

Kaka akasimama. "Daraja halitapimwa mwaka huu," akasema. "Na sijui kama litapimwa mwakani. Fedha zake zimetumika kusahihisha kosa nililolifanya mimi kwenye barabara ya hospitali."

Mzee mmoja wa dawati la nyuma akauliza kwa upole kabisa, kama mtu asiyesikia vizuri, "Kosa umelifanya kule chini, tunalipa sisi wa huku juu?"

"Ndiyo."

"Hebu rudia."

"Ndiyo, baba. Mnalipa ninyi."

Hapo zikaanza kelele. Mmoja alisema afadhali angedanganya, angalau wangengoja kwa matumaini. Mwingine akamwuliza kama anajua watoto wangapi hawaji shule mto ukijaa. Kaka alisimama akazipokea zote. Hakujitetea, na hilo liliwaudhi zaidi. Mtu anayekubali kila kitu hana mahali pa kumshika. Mwisho watu walichoka, wakaanza kutoka mmoja mmoja, na mwenyekiti akakosa la kufungia mkutano.

Nje, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa akitungoja. "Wewe ndiye mpimaji?" akauliza.

"Nilikuwa."

"Mimi naishi ng'ambo. Twende, maana giza likiingia sivuki."

Tulimfuata hadi mtoni. Maji hayakuwa mengi siku hiyo, ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi. Alivua viatu, akaviweka kichwani, akamkaza mtoto, akaingia. Alipofika katikati maji yalimfika kiunoni, na nikaona miguu midogo ya mtoto ikiinuliwa juu ya mabega ya mamaye kama kitu kilichozoea kuinuliwa. Akatoka upande wa pili, akageuka. Alikuwa akitweta.

"Umeona?" akaita.

"Nimeona!" kaka akajibu.

"Hujaona! Hapo ulipo utaonaje?"

Hakungoja jibu, akakaa kwenye jiwe kukamua kanga yake. Nikamwambia kaka twende, jua linashuka, amesema alichokuja kusema. Nilidhani hakunisikia. Alikuwa ameinama, kama kawaida yake, akiyatazama maji yanapopita. Kisha akaketi chini kwenye majani yenye unyevu akaanza kufungua kamba za viatu, kwanza cha kulia, halafu cha kushoto, akakunja suruali ambayo ilikuwa bure kuikunja, akaingia mtoni akimfuata mwanamke yule.